Bunduki Zilizogoma Unyanyembe

Mwanzoni mwa Agosti 1871 Waarabu wa Tabora na wenzao wa pwani walikusanya jeshi la kumwendea Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa ameifunga njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald aliyetumwa kumtafuta mpelelezi David Livingstone, alijiunga nao. Katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1872 anatoa hesabu ya jeshi hilo: watu 2,255, na kati yao 1,500 walishika bunduki. Zilikuwa za kila namna. Kulikuwa na gumegume kuukuu, bunduki za mitutu miwili kutoka Ujerumani na Ufaransa, Enfield za Kiingereza, na hata Springfield za Kimarekani.

Bunduki elfu moja na nusu si mchezo. Ila hesabu ya bunduki zilizobebwa mabegani na hesabu ya bunduki zitakazolia ni vitu viwili, na msomaji wa kumbukumbu za wasafiri wa njia ile hujifunza kuzitenganisha mapema.

Mwaka 1834, huko Woolwich karibu na London, Waingereza walizipambanisha gumegume za jeshi lao na bunduki mpya za fataki. Kila aina ilipigwa mara 6,000. Gumegume ziligoma mara 922, za fataki mara 36. Hizo zilikuwa silaha za serikali, zilizotunzwa ghalani na kupigwa na watu wenye kazi hiyo. Tukiipeleka hesabu hiyo Tabora, na tukidhani kwamba zote 1,500 zilikuwa gumegume, basi katika duru ya kwanza tu watu zaidi ya 200 wangevuta kifyatulio wakaambulia mwaliko mkavu. Na bunduki za Tabora hazikuwa zimetoka ghalani Woolwich juzi.

Zilitoka wapi? Kuanzia miaka ya 1840 jeshi la Uingereza liliacha gumegume likashika fataki. Silaha zilizoachwa, nyingi zikiwa na muhuri wa Tower uliopigwa ubavuni mwa mtambo, ziliuzwa kwa wafanyabiashara. Viwanda vya Birmingham na vya Liège, Ubelgiji, vilitengeneza pia nyingine za bei nafuu mahususi kwa soko la Afrika, na hizo ndizo zilizokuwa mbovu kupita zote. Zikishuka Unguja zilivushwa Bagamoyo, zikapanda mabegani mwa wapagazi kwa safari ya kama miezi mitatu hadi Unyanyembe, nchi ya Tabora. Stanley mwenyewe aliondoka Bagamoyo mwezi Machi akafika tarehe 23 Juni, na katika mizigo yake, pamoja na bunduki za kisasa za Winchester na Henry, zilikuwemo gumegume 24 za kuwapa walinzi wake. Kufikia mwaka 1888 Euan-Smith, balozi mdogo wa Uingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia kisiwani kila mwaka kwenda bara.

Gumegume si mtambo wa kutatanisha. Mpigaji akivuta kifyatulio, nyundo yenye taya lililobana jiwe hushuka kwa nguvu ya springi. Jiwe huparua bamba la chuma, cheche huangukia kisahani kidogo chenye baruti laini, na moto wa kisahani hupenya kifa, yaani kitundu kilichotobolewa ubavuni mwa kasiba, ukawasha baruti iliyoshindiliwa ndani. Ni moto unaorithishana hatua kwa hatua, na kila hatua ina namna yake ya kugoma.

Mtu aliyeizoea aliutambua ugonjwa kwa macho na masikio kabla hajagusa kitu. Nyundo ikishuka bila cheche, jiwe limekuwa butu au limelegea kwenye taya. Pengine bamba lenyewe limechakaa. Cheche zikionekana lakini kisahani kisiwake, baruti ya juu imeshika unyevu. Kisahani kikiwaka kwa mwanga wa kushtua, moshi ukapanda usoni, na bunduki bado imenyamaza, basi kifa kimezibwa na masizi au shindilio la ndani limelowa. Aliyekuwa na akili alianza na lile la karibu na la bei nafuu. Aligeuza jiwe upande wenye makali, akachokoa kifa kwa sindano, akafuta kisahani kwa kitambaa na kuweka baruti mpya. Mtambo wenyewe haukufunguliwa mpaka hayo yote yajaribiwe, kwa sababu kuufungua porini, ambako msumari mmoja ukianguka kwenye majani ndiyo basi, ni kujitafutia hasara.

Kuna hali moja iliyokuwa mbaya kuliko kugoma: kuchelewa. Moto uliweza kufuka ndani ya kifa kwa muda, mpigaji akadhani bunduki imekataa, akaishusha au akaigeuza achungulie, na ndipo ikalia. Ndiyo maana mzoefu wa gobore, wa zamani na wa sasa, huiacha bunduki iliyogoma imeelekea palepale ilipoelekezwa kwa muda, hata kama mnyama amekwisha kimbia. Bunduki iliyogoma ni bunduki iliyojaa.

Bamba la chuma linastahili maneno zaidi, maana ndilo lililozitofautisha bunduki nzuri na za kudanganyia. Ili litoe cheche lazima uso wake uwe mgumu kuliko chuma cha kawaida. Kwenye bunduki rahisi ugumu huo ulikuwa ngozi nyembamba tu; jiwe likishaila, chini yake kuna chuma laini kisichotoa kitu hata ukibadilisha mawe kumi. Wahunzi wa Unyamwezi walikuwa mahodari wa chuma, na majembe yao yaliuzwa hadi Ugogo, lakini kuurudishia uso wa chuma ugumu wake ni kazi nyingine. Inahitaji kuchoma kipande ndani ya mkaa wa mifupa au kwato na kukizamisha majini kingali chekundu. Mteja aliyenunua gumegume Unguja kwa bei ya chini alikuwa amenunua idadi fulani ya cheche, na hakuna aliyemwambia ni ngapi.

Kwa nini basi watu wa njia ya misafara hawakukimbilia bunduki za fataki, ambazo Woolwich ilikuwa imekwisha thibitisha ubora wake? Wengine walikimbilia. Lakini fataki ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kwa kugongwa, uvumbuzi uliotokana na kazi ya Alexander Forsyth, kasisi wa Scotland aliyepata hataza mwaka 1807. Haitengenezwi kijijini. Mtu akiwa Ujiji na kikebe chake cha fataki kimekwisha, bunduki yake nzuri ni rungu. Mwenye gumegume angeweza kubadilisha jiwe akaendelea. Aliyeshikilia silaha ya kizamani Unyanyembe hakuwa mshamba: alipima umbali kati yake na duka, na kwa kipimo hicho alikuwa na hoja.

Baruti ndiyo iliyoleta matatizo mengi kuliko chuma. Ilisafiri ndani ya vipipa, na njia ya kutoka pwani ilipita mbuga ya Makata, ambayo wakati wa masika hugeuka ziwa la matope. Stanley aliivuka katika mvua za mwaka 1871, watu wake wakitembea ndani ya maji kwa masaa, na kurasa zake za sehemu hiyo ni za homa, kuhara, mizigo iliyolowa na wanyama waliokufa. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti. Ikishika unyevu shura huyeyuka kidogo, na ikikauka tena huganda pembeni, chembe zikashikana kuwa mabonge. Baruti ya namna hiyo huwaka bado, ila haiwaki sawasawa: leo inatema risasi kwa nguvu, kesho inaikohoa tu hatua chache mbele. Mpigaji hulaumu mkono wake, au dawa ya adui, kumbe kosa lilifanyika miezi miwili nyuma kwenye kivuko.

Na hata baruti kavu huacha deni. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa bali masizi na chumvi zinazobaki ndani ya kasiba. Masizi hayo huvuta unyevu wa hewa, na kwa usiku mmoja wa mvua chuma huanza kula kutu. Dawa yake ni nyepesi mno kiasi kwamba watu huidharau: maji ya moto, kitambaa kwenye mdeki (fimbo ya kushindilia), kukausha, mafuta. Wapo wenye magobore katika misitu ya miombo ya Sikonge na Kaliua hata leo (na gobore nalo, kwa sheria ya Tanzania, linahitaji kibali kama silaha nyingine), na utunzaji wake haujabadilika tangu zama za misafara.

Tatizo ni kwamba kwenye njia ile bunduki zililia mno kwa sababu zisizo za vita. Msafara haukuingia mjini kimyakimya. Uliingia kwa ngoma, bendera na milio ya bunduki, na wenyeji wakajibu kwa milio yao. Stanley alipokaribia Ujiji, kabla ya kumwona Livingstone hatimaye, aliwaamuru watu wake wakunjue bendera na kushindilia, na bunduki karibu 50 zikalia kwa pamoja. Ilikuwa heshima, na pia tangazo la biashara. Lakini kila salamu iliacha masizi, na wapagazi waliochoka, wakiingia kwenye pombe na nyama, hawakuwa watu wa kuchemsha maji ya kusafishia silaha jioni hiyo. Asubuhi ya safari bunduki ilishindiliwa juu ya uchafu wa jana.

Halafu kuna kosa la kushindilia mara mbili. Springfield zile za Kimarekani zilizokuwa Tabora mwaka 1871 zilikuwa za jina moja na bunduki zilizopiganisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoisha mwaka 1865, na kuna habari ya vita hivyo inayofaa kusimuliwa hapa. Baada ya mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863 ziliokotwa uwanjani bunduki 27,574. Yapata 24,000 zilikuwa bado zimejaa. Kama nusu ya hizo zilikuwa na mashindilio mawili, nyingine zaidi, na moja ilikutwa na 23, moja juu ya jingine. Wale hawakuwa wajinga. Katika makelele ya vita mtu hasikii kama bunduki yake imelia au imelia ya jirani. Fataki imekufa au ameisahau kuiweka, yeye ameona moshi pande zote, mikono inaendelea na kazi iliyofundishwa. Kinachoweza kumwambia ukweli ni bega, kwa sababu bunduki iliyolia husukuma, na aliye na hofu hana nafasi ya kulisikiliza bega lake.

Kama hilo liliwatokea askari waliofanya gwaride kila siku, ni rahisi kuwaza lililowatokea vijana wa Unyanyembe waliopewa silaha wiki ile. Stanley anaeleza jinsi ngome ya Zimbizo ilivyochukuliwa, kisha Wilyankuru, na kila mtu akadhani kazi imekwisha. Njiani kurudi, wakiwa wamejitwika pembe na mateka, watu wa Soud bin Said, kiongozi mmoja wa Waarabu, walivamiwa na Mirambo aliyekuwa amewalalia kwenye nyasi ndefu, na Soud akauawa. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akaichoma, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akaanguka siku hiyo. Mirambo hakuwashinda kwa wingi wa bunduki. Aliwafuata kwa karibu, ghafla, akijua kwamba bunduki ya kushindilia ikishalia au ikigoma mara moja, mwenye mkuki ana nafasi ya kutosha kabla mdeki haujafika chini.

Hali ilikuwa kinyume miaka minne kabla, huko Itabwa kusini mwa ziwa Tanganyika. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, anasimulia katika kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa kwa Kiswahili na kutolewa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, jinsi alivyomvunja Nsama, mtawala wa Itabwa, mwaka 1867 akiwa na bunduki chache mbele ya mishale mingi, yeye mwenyewe akiwa amejeruhiwa kwa mishale. Pale adui alikuwa karibu na amejazana. Zikipigwa nyingi kwa pamoja, zilizogoma hazionekani. Zilizolia ndizo zinazosimuliwa.

Risasi zenyewe nazo zilikuwa na kisa. Risasi ni madini mazito na ghali kuyabeba kutoka pwani, kwa hiyo wengi walitumia walichopata. Msiri, mtu wa Usumbwa aliyekwenda kutawala Katanga, alikuwa na wahunzi waliofua risasi za shaba kwa kuwa shaba ilikuwa pale pale. Zinaua, lakini hazibani. Hata bunduki ya jeshi la Uingereza yenye kasiba ya milimita 19 ilitumia risasi ya milimita 17 na nusu ili iteremke kwa urahisi juu ya masizi, na pengo hilo lilizibwa kwa karatasi. Ukiweka kipande cha shaba au chuma kisicho mviringo, moto hupenya pembeni, nguvu ikapotea, na risasi ikatoka mtutuni ikielekea ilikotaka.

Ajabu ni kwamba suala hilo la pengo limerudi katika mchezo wa kisasa usio na baruti hata chembe. Kuna bunduki za kuchezea, zilizoanzia Japani, zinazorusha vidonge vya plastiki vya milimita 6 na kuigiza umbo la bunduki za wadunguaji: mchezaji huvuta komeo nyuma kwa mkono, springi ikajikaza, na akifyatua, pistoni husukuma hewa. Mchezaji anayelalamika kwamba kidonge kinaanguka miguuni mara nyingi huanza kununua springi kali zaidi. Fundi wake hutazama kwanza mpira wa pistoni kama unavuja, kisha mpira ulioshika kidonge mwanzoni mwa kasiba, kisha uchafu ndani ya kasiba. Hewa inayopita pembeni haisukumi kitu. Mwenye risasi za shaba wa Katanga angemwelewa bila mkalimani.

Bunduki zinazolia zisipoombwa ziliwaua wasafiri wenye majina katika historia ya Tabora. John Hanning Speke, aliyefika Kazeh (Tabora ya siku hizo) pamoja na Richard Burton tarehe 7 Novemba 1857 na kurudi tena mwaka 1861, alipita salama katika homa, vita na njaa. Tarehe 15 Septemba 1864, nyumbani Uingereza, akiwinda kware, alikuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe pale bunduki yake ilipolia na kumpiga ubavuni chini ya bega. Ilikuwa bunduki nzuri ya Lancaster, ya kujazia nyuma, isiyo na kizuizi cha usalama. Kesho yake alikuwa akabiliane na Burton mjini Bath juu ya chanzo cha Nile, na wapo walionong'ona kwamba alijiua. Baraza la uchunguzi liliamua kuwa ni ajali, na mtu yeyote aliyewahi kuvuka ukuta na bunduki iliyojaa mkononi atalielewa baraza hilo.

Dokta Ebenezer Southon wa London Missionary Society alikaa Urambo kwa Mirambo tangu 1879, akawa tabibu na rafiki wa mtemi. Mwaka 1882 bunduki ya mwenzake safarini ililia kwa bahati mbaya ikamvunja mkono. Tabibu pekee wa eneo zima ndiye aliyekuwa mgonjwa. Mkono ulikatwa na mmisionari mwenzake asiye daktari, na Southon akafa Julai mwaka huo. Gumegume na bunduki za fataki zina hatua ya nusu, ambapo nyundo imeinuliwa kidogo na kifyatulio hakipaswi kuivuta. Jino linaloishikilia likishalika, nusu hiyo haipo, ingawa kwa macho bado inaonekana.

Kinyume chake ni kujua kama bunduki imelia bila mwenyewe kukiri. Stanley anasimulia usiku mmoja, kabla ya kufika Mpwapwa, risasi ilipopita katika hema lake. Alitoka, akawauliza watu, kisha akaingiza kidole katika mtutu wa bunduki ya John Shaw, msaidizi wake Mwingereza. Kasiba ilikuwa na joto na kidole kikatoka cheusi. Shaw alidai aliota mwizi. Habari hii tunayo kwa kauli ya Stanley peke yake, na Shaw alikufa Kwihara, karibu na Tabora, mwaka uleule bila kuandika yake, kwa hiyo nia ya mtu tuiache. Lakini kipimo cha kidole hakina ubishi. Masizi mabichi na joto havisingiziwi.

Baruti haikuwa tatizo tu ilipogoma. Januari 1893, Mjerumani Tom von Prince alipoibomoa ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, Isike aliingia katika ghala lake la baruti na watu wa nyumba yake akaliwasha. Wajerumani walimtoa akiwa hai kidogo wakamnyonga. Ghala la mtemi aliyepigana nao muda wote huo lilikuwa bado na baruti kavu ya kutosha kuivunja nyumba. Isike alijua kuihifadhi.

Wakati huo mlango wa silaha ulikuwa umeanza kufungwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku kuingiza silaha bora katika eneo la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na kuacha mwanya kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba na baruti ya kawaida ya biashara. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliruhusiwa kuendelea na silaha iliyogoma mara moja kwa kila sita, na serikali ikabaki na zile bora. Hilo nalo ni jibu la swali la kwa nini gobore limeishi muda mrefu hivyo.

Silaha ya serikali ya Wajerumani ilikuwa Mauser ya mwaka 1871, ya komeo. Askari huinua mkono wa komeo, huvuta nyuma, hutia kiasi kimoja cha milimita 11, husukuma na kufunga. Mambo ya jiwe, kisahani na kifa yalikwisha. Fataki, baruti na risasi vilikaa pamoja ndani ya ganda la shaba, na pini iliyosukumwa na springi iligonga fataki kutoka nyuma. Ilikuwa hatua kubwa, ila Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914 ilikuwa imezeeka. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wao, anaeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1920 kwamba kampuni zake nyingi bado zilikuwa na bunduki hiyo ya moshi. Askari akipiga, wingu jeupe hupanda juu ya kichaka alichojificha, na adui mwenye baruti isiyo na moshi hajui tena tabu ya kumtafuta.

Msaada ulikuja Aprili 1915 kwa meli ya Rubens, iliyovunja mzingiro wa Waingereza. Manowari Hyacinth iliikamata katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga hadi ikaungua na kukaa chini. Wajerumani walizamia wakatoa bunduki mpya na risasi kwa mamilioni. Sherehe haikudumu. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia katika maganda, na kadiri miezi ilivyopita baruti na fataki ziliharibika zaidi na risasi zikazidi kugoma.

Sehemu hii ya kitabu cha Lettow-Vorbeck ndiyo inayomvutia fundi kuliko kurasa zake za mapigano. Hawakutupa. Risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikatolewa na kusafishwa, fataki zilizokufa zikabadilishwa, kisha zikafungwa upya. Kazi ilichukua miezi. Baada ya hapo zilijaribiwa na kupangwa kwa makundi: zile zisizo na shaka ziliwekwa kwa ajili ya bombomu, kwa sababu risasi moja ikigoma ndani ya bombomu huisimamisha yote, zilizogoma mara chache zilipewa askari wa bunduki, zilizogoma sana zilitumika kufundishia shabaha. Hata hilo la mwisho lina faida yake. Kuruta anayepiga na risasi ambazo hajui ipi italia hufichuliwa haraka kama ana tabia ya kufumba macho na kushtuka kabla ya mlio.

Tabora ilikuwa na sehemu yake. Reli ilikuwa imefika mwaka 1912, na mji ulipogeuka makao ya serikali ya Gavana Schnee wakati wa vita, karakana ya reli iligeuka kila kitu. Humo ndimo mwaka 1916 zilipopigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na sarafu ndogo za heller kwa shaba ya njano iliyotokana na maganda ya risasi na mizinga. Zina herufi T, na wakusanyaji bado huzitafuta. Mji wa misafara, ambako zamani gumegume ilibadilishwa kwa pembe, sasa ulikuwa ukiyeyusha maganda kuwa chenji.

Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo chini ya Charles Tombeur liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, baada ya jenerali Wahle wa Wajerumani kuondoka na watu wake kuelekea Iringa. Mauser za moshi ziliendelea kutembea kusini na askari, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, mpaka Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma na kuivamia kambi ya Wareno ya Ngomano. Zilipatikana bunduki za kisasa kwa mamia na risasi kama robo milioni. Bunduki za 1871 zikaachwa hapo. Baada ya kazi yote ile ya kusafisha, kupanga na kufunga risasi upya, tatizo la risasi za Rubens na la moshi lilimalizwa na ghala la jirani.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1918, jeshi la Wajerumani liliposalimu amri Abercorn, katika Zambia ya leo, orodha ya silaha zilizokabidhiwa ilikuwa na bunduki 1,071, na Lettow-Vorbeck anaziandika kuwa za Kiingereza na za Kireno. Askari waliozikabidhi walipelekwa kuzuiliwa Tabora.